Theluji ya Boston, Tope la Turiani, na Neno "Asili"

Kuna neno ambalo kila mwaka, mvua za masika zikishika kasi, huwa kimbilio la watu wenye dhamana nchini mwetu. Neno lenyewe ni "asili". Tunaambiwa kuwa mafuriko ni maafa ya asili, maporomoko ni ya asili, na nyumba iliyojaa tope hadi dirishani imejazwa na asili. Likishatamkwa, mazungumzo hufungwa. Hakuna wa kuulizwa, kwa maana asili haina ofisi, haina simu, wala haiitwi mbele ya kamati ya Bunge.

Leo napenda tulichunguze neno hilo kwa njia ambayo huenda ikaonekana ya mzunguko, yaani kwa kupitia theluji. Nimewahi kuishi na theluji mlangoni, na nimekulia mahali ambapo tope huja mlangoni. Vitu hivi viwili vina mengi ya kuambizana kuliko nilivyodhani kabla sijaviona vyote.

Mimi ni mtoto wa Turiani, wilayani Mvomero, mahali ambapo milima ya Nguru inateremka na kukutana na mashamba ya miwa na mpunga. Anayetoka Morogoro kwenda Dodoma huiacha barabara kuu pale Magole, karibu na Dumila, akaelekea kaskazini mwendo wa takriban kilometa 50. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hugonga milima ile na kumwaga maji yake, na maji hayo hushuka na udongo. Theluji tuliijua darasani tu, katika somo la jiografia, ikiwa juu ya Kilimanjaro ndani ya picha.

Majira ya baridi ya mwaka 2014 kuingia 2015 yalinikuta Boston, Marekani, nikiwa masomoni. Nilipanga chumba katika mtaa wa Dorchester, kwenye nyumba ya mbao yenye sakafu tatu, kila sakafu na wapangaji wake. Sakafu ya chini aliishi mzee mmoja mzaliwa wa Cape Verde, ambaye alikuwa amekwisha kuona baridi zaidi ya thelathini za mji ule. Tarehe 26 na 27 Januari ilikuja dhoruba iliyoangusha zaidi ya sentimita 60 za theluji. Tukadhani mbaya imepita. Februari peke yake ikaleta karibu sentimita 165, kiasi ambacho mji haukuwahi kukiandika kwa mwezi mmoja. Msimu ulipofungwa, jumla ilikuwa inchi 110.6, yaani karibu mita 2.8, na hiyo ndiyo rekodi ya Boston. Theluji iliyosombwa kwa malori na kurundikwa kwenye uwanja karibu na bandari iliendelea kuyeyuka taratibu, na lundo la mwisho lilitoweka tarehe 14 Julai, katikati ya joto.

Asiyeishi na theluji hudhani kwamba huanguka na kulala sawasawa kama shuka. Sivyo. Upepo huikokota, ukaacha uwanja mmoja umefagiwa tupu na ukajenga pengine tuta linalofika kifuani mwa mtu mzima. Tuta hilo hupenda pembe za nyumba, ngazi na milango. Asubuhi moja mlango wetu wa nje ulikataa kufunguka kwa sababu tuta lilikuwa limeuegemea kutoka upande wa pili. Tuliokolewa na jambo dogo: yule mzee alikuwa na desturi ya kuliingiza beleshi ndani kila jioni dhoruba inapotabiriwa. Alitokea dirisha la nyuma akiwa nalo mkononi, akazunguka nyumba, akatufungulia. Wenye mabeleshi yaliyolala nje chini ya theluji walilazimika kusubiri majirani.

Mzee yule alinifundisha kazi ile kama fundi anavyomfundisha mwanagenzi. Usisubiri mpaka theluji yote ianguke ndipo utoke. Toka mara tatu au nne, kwa sababu sentimita 15 zinasukumwa na sentimita 60 zinavunja mgongo. Sukuma kila unapoweza, na ukilazimika kuinua, inua kidogo, kwani kila mwaka watu hufa kwa mshtuko wa moyo wakiwa na beleshi mkononi. Kabla ya kuwasha gari, zibua bomba la moshi, kwa kuwa bomba lililozibwa na theluji hurudisha sumu ndani ya gari na kumuua mtu huku akiota joto. Zibua pia tundu la moshi la tanuru la kupashia nyumba joto. Fukua bomba la zimamoto lililo mbele ya nyumba hata kama si lako, maana siku ya moto hutakuwa na nafasi ya kulitafuta. Zaidi ya yote, wahi, kwa kuwa theluji laini ya asubuhi, ikikanyagwa mchana na kupigwa na baridi ya usiku, inageuka barafu, na barafu haiondoki kwa beleshi bali kwa shoka na chumvi.

Mpaka hapa nimezungumzia hekima ya watu, na hekima ya namna hii hata Turiani tunayo. Mama yangu hufanya yake kila ifikapo Machi. Hupandisha magunia ya mpunga juu ya uchaga, huweka vyeti na kitambulisho katika mfuko wa plastiki na kuuning'iniza kwenye kenchi, huongeza tofali moja kwenye kizingiti, na hujaza viroba vya mchanga. Anajua pia kwamba tope lina saa zake. Likiwa bichi linakokotwa kwa jembe. Likishapigwa na jua la siku mbili linakuwa kama zege. Yule mzee na mama yangu wangekutana, wasingehitaji mkalimani. Tofauti ya mitaa yao ilianzia nje ya kizingiti.

Katika Boston, sheria ya mji inamtaka mwenye jengo kusafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya jengo lake ndani ya saa tatu baada ya theluji kuacha kuanguka, au saa tatu baada ya jua kuchomoza iwapo iliacha usiku. Njia hiyo iwe na upana usiopungua inchi 42, takriban sentimita 107, ili kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto kipite. Ni marufuku kuitupa theluji barabarani. Barabara yenyewe ni jukumu la mji, na njia za kutokea ndani ya nyumba ya kupanga ni jukumu la mwenye nyumba. Tazama namna jambo lilivyokatwa: kila mita ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana saa yake. Theluji haikupungua hata chembe kwa sababu ya sheria hiyo, ila mtu aliyeteleza alijua ni mlango gani wa kugonga.

Sisemi hayo ili kuwasifu watu wa Boston kwa tabia njema. Niliwaona walivyo. Mwenye nyumba wetu alikuwa hodari wa kudai kodi kuliko kununua chumvi. Malori ya mji yenye bamba la chuma mbele yalikuwa yakipita na kulisukumia tuta zima kwenye ngazi tulizokuwa tumetoka kuzisafisha, na mzee wa Cape Verde aliwatukana madereva kwa lugha tatu. Watu waliofukua magari yao waliweka viti vya jikoni barabarani ili kulinda nafasi ya kuegesha, na ole wake aliyekiondoa kiti cha mwenzake. Binadamu ni yule yule. Kilichonizuia kuwaona kuwa bora kuliko sisi ndicho kilichonifanya niipende sheria yao zaidi, kwa kuwa haikutungwa kwa ajili ya malaika.

Tena sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Katika jimbo la Massachusetts, kwa zaidi ya karne moja mahakama zilikuwa zikitofautisha theluji ya aina mbili. Iliyolala ilivyoanguka iliitwa ya asili, na mwenye eneo hakuwajibika kwa mtu aliyeteleza juu yake. Iliyosukumwa, kurundikwa au kubadilishwa na mikono ya watu haikuwa ya asili, na hiyo ndiyo iliyoweza kumpeleka mtu mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Rufaa ya jimbo hilo ilisikiliza kesi ya mtu aliyeteleza kwenye barafu katika uwanja wa kuegesha magari wa duka kubwa, ikaifuta tofauti hiyo. Ikaamua kwamba mwenye eneo ana wajibu wa kuchukua uangalifu unaostahili, bila kujali kama theluji imelala yenyewe au imelazwa. Swali likahama. Badala ya kuuliza hatari imetoka wapi, mahakama zikaanza kuuliza nani alikuwa na uwezo wa kuipunguza, kwa gharama gani, na kama alifanya hivyo.

Niliposoma uamuzi huo nilimkumbuka kila kiongozi niliyewahi kumsikia akisimama juu ya tope la watu na kusema kuwa asili haizuiliki. Asili kweli haizuiliki. Lakini kutozuilika kwa mvua hakumwondolei mtu wajibu wa kalavati.

Msimu ule ule uliwaumbua wenyewe pia. Tarehe 10 Februari 2015 treni za mji wa Boston zilisimama kutwa nzima. Theluji ililaumiwa, kisha watu wakaanza kuhesabu: mabehewa yaliyokuwa yamepitiliza umri wake, matengenezo yaliyoahirishwa, madeni ya mabilioni ya dola. Siku iliyofuata meneja mkuu wa shirika la usafiri, Beverly Scott, alitangaza kujiuzulu. Hapa sijadili kama mzigo ule ulikuwa wake peke yake. Madeni yalikuwapo kabla yake. Ninachotaka tukione ni kwamba wananchi walikataa kuishia kwenye theluji, wakaendelea kuuliza.

Na pale ambapo saa na wajibu havikuwekwa mapema, hata nchi tajiri huzika watu. Desemba 2022 dhoruba ilipiga Buffalo, jimbo la New York, mji unaoijua theluji kama sisi tunavyolijua jua. Watu 47 walikufa katika eneo lile, baadhi ndani ya magari, baadhi njiani, baadhi majumbani bila joto. Dhoruba ilikuwa imetabiriwa siku kadhaa kabla, ila marufuku ya kusafiri ilitangazwa asubuhi ile ile, wakati wafanyakazi wengi walikuwa wamekwisha kutoka majumbani. Tahadhari isiyokuwa na saa ni salamu tu.

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa 2014, mwaka mmoja tu kabla ya baridi ile ya Boston, mafuriko yalikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Dumila, na maelfu ya watu wa Magole, Dumila na vijiji vya jirani wakakosa makazi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliingia Katesh na kuua makumi ya watu. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamekufa kwa mvua za msimu ule na zaidi ya 200,000 wameathirika. Ni haki kukumbusha kwamba Waziri Mkuu hakuishia kwenye El Niño. Alitaja pia uharibifu wa mazingira, ukataji wa miti na kilimo kisichojali ardhi. Huo ulikuwa mwanzo mzuri wa swali. Bahati mbaya, kadiri swali hilo linavyoshuka kutoka Dodoma kuja kijijini, ndivyo linavyopungua nguvu, mpaka linapofika mlangoni kwa mama yangu limebaki neno moja, asili.

Nieleze mlango huo. Mbele ya nyumba ya mama kuna mtaro wa hatua kama arobaini unaopokea maji ya barabara na kuyapeleka kwenye kalavati. Kabla ya masika ya 2024 greda lilipita kuichonga barabara. Kazi ilikuwa nzuri kwa magari. Udongo uliochongwa ulisukumwa pembeni, na pembeni ndiko uliko mtaro, kama lori la Boston lilivyosukuma tuta kwenye ngazi zetu. Mvua kubwa ya kwanza iliuchukua udongo ule, ikaujaza kalavati hadi mdomoni, na maji yakatafuta njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa sebuleni. Vyeti vilipona kwenye kenchi. Magunia manne ya mpunga hayakupona, kwa kuwa uchaga ulioyabeba uling'olewa na maji. Choo cha jirani kilititia, na kwa siku tano kaya tatu zilitumia kimoja. Mama, mwenye miaka sabini na kitu, alilikokota tope kwa jembe kuanzia alfajiri kabla jua halijaligeuza zege.

Nilipofika nilifanya kile ambacho mwanaraia yeyote angefanya. Nilianza kumtafuta mwenye kalavati. Ofisi ya kwanza iliniambia kuwa barabara ni yao ila maji yanayoingia yanatoka mashambani. Ya pili ilisema kuwa mashamba yana wenyewe, na kwamba mkandarasi amekwisha kukabidhi kazi. Mkandarasi, kwa simu, aliniambia kwa heshima kuwa mkataba wake ulihusu kuchonga na haukutaja kuzibua. Katika ofisi ya nne kijana mmoja mtumishi, ambaye kwa kweli alinihurumia, alivua miwani yake akasema, "Mwalimu, mvua ya mwaka huu ilikuwa ya asili, haijawahi kutokea." Nilimshukuru, nikaondoka. Kila mmoja wao alikuwa amesema kweli kuhusu sehemu yake, na ukijumlisha kweli zote nne unapata mtaro usio na mwenyewe.

Wala tusijidanganye kwamba tunakosa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Serikali za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu mwaka 1982. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla msimu haujaanza. Tuna pia urithi wa msaragambo, ambao hakuna aliyetuletea kutoka ng'ambo. Kinachokosekana ni kile kipande kidogo cha sentimita 107 na saa tatu: sentensi moja inayosema mtaro huu, kutoka mwembe hadi kalavati, ni wa fulani, na utasafishwa kabla ya tarehe fulani. Bila sentensi hiyo msaragambo wenyewe hugeuka dhuluma, maana wanaokuja na majembe ni wale wale wanaoishi bondeni, wakizoa udongo uliosukumwa na mashine ya mtu aliyelipwa.

Napendekeza mambo matatu, yote ya bei nafuu. Kwanza, kila kijiji kilicho chini ya milima kiorodheshe mitaro na makalavati yake kabla ya Februari, na mbele ya kila kimoja liandikwe jina la anayewajibika, iwe kaya, kijiji, halmashauri, wakala wa barabara au shamba kubwa. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Pili, mkataba wowote wa kuchonga barabara usilipwe malipo ya mwisho mpaka mtaro upimwe kina chake, na kina hicho kishuhudiwe na mwenyekiti wa kitongoji. Tatu, kitongoji kiwe na daftari la wazee wanaoishi peke yao, na kila mmoja apewe jirani wa kumfikia tahadhari ikitolewa, pamoja na saa ya kufanya hivyo. Katika Dorchester kazi hiyo ilifanywa na mzee wa Cape Verde bila daftari. Mtu kama huyo ni neema, lakini nchi haiendeshwi kwa kutegemea kwamba kila nyumba itampata.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, najua bajeti zenu na najua mnavyozidiwa. Kuandika jina mbele ya kalavati hakuhitaji fungu. Kwa wanaharakati, nawaomba mshuke kidogo kutoka kwenye mikutano ya mabadiliko ya tabianchi mje kwenye mtaro, kwa sababu kaboni ya dunia haitazibuliwa na mtendaji wa kijiji, ila kalavati linaweza. Na kwa wanafunzi wangu mnaokwenda likizo, mna kazi nyepesi. Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema. Simama uulize swali moja tu: mtaro huu ni wa nani, na atausafisha lini? Ukijibiwa kuwa mvua ni ya asili, usibishane. Omba kwa adabu jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina la aliyelitoa.